Kaseti Zilizorudishwa

Nilipofungua mkoba wa Bibi, harufu ndiyo iliyonipokea kwanza. Karafuu, ubani, na chini yake harufu nyingine ambayo vijana wa leo hawawezi kuitambua hata ukiwashikia pua: plastiki iliyopata joto la betri, harufu ya redio kaseti iliyopigwa kila siku kwa miaka. Tulikuwa tumemaliza arobaini yake pale Kibiti. Jamaa wa ukoo walishagawana kanga, masufuria na kitanda cha kamba, mimi nikaachiwa mkoba kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Ndani mlikuwa na tasbihi, miwani yenye mguu mmoja, na kaseti isiyo na jalada. Ubavuni iliandikwa neno moja kwa wino wa buluu uliofifia, mwandiko wa Mjomba Shamte: Mawaidha.

Niliijua ile kaseti. Bibi aliisikiliza kila siku baada ya swala ya alasiri, tangu nilipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni majini mpaka nilipoolewa. Nikaiweka mapajani, nikakaa nayo uani huku wapishi wakiosha masufuria, na mambo ambayo nilidhani nimeshayazika yakaanza kurudi, moja likivuta jingine.

Mama yangu, Zaituni, binti wa Bibi, alikuwa mwimbaji wa bendi. Leo nalisema hilo nikiwa nimeinua uso. Zamani sikuweza.

Bendi yenyewe iliitwa Bamvua, kwa jina la yale maji makubwa ya mwezi mpevu yanayopanda kule kwetu Salale, deltani, mpaka yakaingia jikoni na kuelea na sufuria. Mwenye bendi alikuwa Mjomba Shamte, mdogo wake Mama. Alikuwa amekaa Dar es Salaam kidogo, akarudi na kinanda cha betri kilichotoshea kwenye mfuko wa mchele, na maneno mengi kuliko kinanda. Alisema muziki wa dunia umebadilika. Kuna wimbi jipya, alisema, vijana watatu wanne tu na vinanda vyao, hawahitaji matarumbeta wala watu kujazana jukwaani kama wanagombea mtumbwi. Kinanda chake kilikuwa na kitufe ambacho ukikibonyeza ngoma inajipiga yenyewe. Wazee walikitazama kile kitufe kwa mashaka makubwa. Sisi watoto tulimwona Mjomba ni mtu wa ajabu kupita wote waliopata kushuka gatini petu.

Sauti ya Mama haikutoka Dar es Salaam wala redioni. Ilitoka mpungani. Kule kwetu mpunga ukianza kushika maziwa watu wanahama nyumba, wanakwenda kukaa shambani dunguni, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti ili nguruwe na maji visikufikie. Kuanzia alfajiri kazi ni moja tu, kuamia ndege. Wanashuka kama moshi, na ukizubaa kidogo wanakuachia mabua. Una kombeo lako na madonge ya udongo, una makopo yaliyofungwa kwenye kamba, lakini mkono unachoka na kamba inakatika. Kinachobaki ni koo. Mama alikuwa akisimama ukingoni mwa dungu, anaweka kiganja shavuni, anaachia ukelele mmoja mrefu unaoanzia chini kabisa na kupanda, ukipanda unapinda, na ukipinda ndege wote wanainuka kwa pamoja. Wanawake wa mashamba ya ng'ambo ya mto walimjibu. Mimi nilikuwa nimelala juu ya gunia ndani ya dungu, nikisikia mama yangu anavyozungumza na bonde zima.

Mjomba akauchukua ule ukelele akaupandisha juu ya kinanda. Hiyo ndiyo ilikuwa Bamvua: kitufe kinapiga ngoma, gitaa la jamaa mmoja wa Mbwara linachezacheza pembeni, na Mama katikati anafukuza ndege. Ila ndege wenyewe walikuwa watu. Wimbo uliobeba albamu uliitwa Tokeni Mpungani, na kila mwanamke aliyepata kunyemelewa mume wake alijua wanaoambiwa watoke ni akina nani.

Walikwenda Dar es Salaam kurekodi. Bibi hakupenda. Alikuwa mtu wa swala na kimya, na wimbo kwake ulikuwa wa shambani na wa unyago, si wa kuwekwa kwenye boksi na kuuzwa. Lakini hakumzuia. Alimfungia Mama mkate wa kumimina na samaki wa kukaanga, akamwambia, "Nenda urudi salama, basi. Hayo mengine tutayasikia."

Mama aliporudi aliniletea kandambili nyekundu na hadithi ya chumba cha kurekodia. "Kimezibwa magodoro kuta zote," alinisimulia akinisuka. "Ukisema neno halirudi. Miye nimezoea nikipiga ukelele, mto unanirudishia. Mle ndani sauti inatoka inakufa. Nikamwambia yule fundi, baba, nifungulie mlango. Kagoma, kagoma, mwisho kafungua." Akacheka mpaka mikono ikaacha kusuka. Wimbo wa mwisho, alisema, aliuimba mlango ukiwa wazi, na kama ukitega sikio unasikia kengele ya muuza maji ya barafu akipita nje na baiskeli. Hata ukelele wa mwisho ulipokwisha hakujua kwamba mashine bado inachukua, akamuuliza fundi jambo, na swali lake likabaki mle mle kwenye mkanda.

Kaseti zilikuja kwenye boksi la sabuni. Jalada lilikuwa na picha yao watatu mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, Mama kasimama kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Zilisambaa. Ukipita na mtumbwi Salale ungeisikia nyumba hii, ukikata kona ya mikoko unaisikia nyumba nyingine. Maparoni nako zilifika, zilipelekwa na wachuuzi wa samaki na kamba.

Baada ya hapo ndipo wenye kazi yao ya kusema wakasema.

Gazeti lilitangulia. Mjomba alilileta kutoka Kibiti, amelikunja ndani ya shati lisilowe. Akasimama barazani akatusomea kwa sauti ya mtu anayesoma khutba. Mwandishi alisema kinanda kinasikika kama cha mtoto, gitaa halijui linakwenda wapi, na kuhusu mwimbaji akasema ana koo zuri, lakini hakuna aliyemwambia kwamba yuko studio. Anapiga kelele kama anaamia ndege. Mama akaacha ungo wake wa mchele.

"Kasema kuamia ndege?"

"Ndiyo, dada."

"Huyu bwana kajuaje?" Akapiga kofi la furaha. "Basi kasikia! Kha! Mtu wa mjini kasikia ndege!"

Mjomba alimtazama kama anayetazama mtu aliyepata homa. Gazeti akalihifadhi juu ya kenchi, na mimi sikuelewa kama tumesifiwa au tumetukanwa.

La redioni nililielewa. Kilikuwa kile kipindi cha Jumapili mchana ambacho watu walikuwa wakikusanyika kukisikiliza, na siku hiyo baraza letu lilijaa, maana Mjomba alikuwa ameshatangaza kwamba watapigwa. Betri zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi zipate nguvu. Mtangazaji akaweka Tokeni Mpungani, watu wakapiga vigelegele. Kabla Mama hajafika kwenye ukelele, akaukata wimbo. Akacheka. Akasema hii si taarabu, si dansi, wala si mchiriku. Ni mama anayefukuza ndege akisindikizwa na kitu cha kuchezea watoto. Kisha akasema neno ambalo lilikaa ndani yangu kama mwiba wa samaki kooni: "Msikilizaji, kama ulishainunua hii, nakushauri irudishe."

Mjomba akainuka akaenda zake gatini. Bibi, aliyekuwa amejifanya hasikilizi, akaizima redio. Mama peke yake ndiye aliyeendelea kuchambua mchele.

"Yeye keshasema," alisema bila kuinua macho, "na miye nishaimba."

Ninyi wa rika langu mnakumbuka redio ilikuwa nini. Redio haikuwa ikishauri. Redio ikisema shule zinafunguliwa, tunakwenda. Ikisema chemsheni maji, kuna kipindupindu, Salale nzima inachemsha. Ikitaja jina la marehemu, huyo amekufa kweli hata kama ndugu zake hawajapata habari. Kwa hiyo niliposikia watu wameambiwa warudishe, nilikaa mlangoni kuwasubiri. Kesho yake nilikaa, na keshokutwa. Kila aliyefunga mtumbwi nilimtazama mikononi.

Hawakuja. Ajabu ni kwamba waliendelea kupiga. Harusi zilizofuata zilipigwa Tokeni Mpungani mpaka betri zikalegea na sauti ya Mama ikawa nzito kama ya mwanamume, watu wanacheka huku wanacheza. Moyo wangu ukatulia. Nikajiambia kwamba labda amri ile haikuwahusu watu wa delta.

Masika yaliyofuata Mama alishikwa na homa. Alikuwa mjamzito, ingawa mimi sikuambiwa. Walimpakia kwenye boti ya injini wampeleke hospitali, wamefunika kichwa chake kwa mwavuli, na alinipungia mkono wenye hina iliyofifia. Siku waliyorudi, boti haikupiga honi. Kwetu boti isiyopiga honi wanawake wanaijua kabla haijakata kona. Niliwasikia wakianza kulia kutoka gatini, kilio kikapanda nyumba kwa nyumba mpaka kikanifikia mimi niliyekuwa nimekaa na kandambili zangu.

Sitaki kusema mengi kuhusu mazishi. Nilikuwa mdogo, nikapelekwa kwa jirani pamoja na watoto wengine, tukapewa wali mwingi kuliko kawaida. Niliporudishwa nyumbani matanga yalikuwa yameanuliwa, mikeka imekunjwa, na Bibi amekaa barazani peke yake, kapu tupu mbele yake.

Siku hiyo hiyo wakaanza kuja.

Wa kwanza alikuwa Bi Mwajuma, jirani yetu mkaanga samaki, mwanamke mwenye mdomo ambaye hakupata kupita uwanjani bila kututania. Alikuja kajifunika kanga mpaka usoni. Akafungua pindo la kanga, akatoa kaseti yenye picha ya maporomoko, akaiweka ndani ya kapu. Hakusema neno. Bibi alimshika tu mkono kidogo. Akafuata mwingine, na mwingine. Walikuja kwa miguu, walikuja kwa mitumbwi, wanaume kwa wanawake, na kila mmoja aliinama, akaweka, akaondoka ametazama chini. Mzee mmoja alipiga kasia kutoka Maparoni kwa kazi hiyo tu. Aliweka ya kwake, akakataa hata maji ya kunywa, akageuza mtumbwi. Niliona mgongo wake ukienda na nikajua amekasirika.

Nikaelewa. Kwa akili yangu ya wakati ule nilielewa kila kitu. Kumbe walikuwa wamemwonea Mama haya. Alipokuwa hai hawakuweza kumrudishia usoni, wakacheza, wakacheka, wakavumilia. Sasa kafa, hakuna tena wa kuonewa haya, wanatii redio. Nilisimama nyuma ya mlango nikitazama kapu likijaa, na niliwachukia wote. Na kidogo, Mungu anisamehe kwa mawazo ya mtoto, nilimwonea aibu Mama.

Kilichofuata kilithibitisha. Mjomba Shamte alileta redio kubwa yenye sehemu mbili za kaseti, na kaseti ya mawaidha ya ustadhi mmoja wa Ikwiriri. Kinanda hakukigusa, kilikuwa kimefungwa ndani ya mfuko wake wa mchele, na sikukiona kikifunguliwa tena. Mnajua kaseti za dukani zina vitundu viwili juu, na vikiwa wazi redio haikubali kurekodi. Bibi akashusha gazeti kutoka kwenye kenchi, lile lile lenye maneno ya kuamia ndege. Akawa anachana kipande, anakitafuna kikalainika, anaziba kitundu kwa kidole gumba. Mjomba anaweka kaseti, anabonyeza, na sauti ya ustadhi inapita juu ya sauti ya Mama kama mtu anayepaka chokaa ukutani. Mawaidha yalikuwa mafupi kuliko mkanda. Yakiisha, Mjomba alikuwa anaiacha mashine iendelee kurekodi kimya mpaka kitufe kiruke chenyewe, pasibaki kitu. Halafu mwenye kaseti anarudishiwa, ikiwa na mawaidha. Kazi ilichukua siku nyingi, na majirani walileta betri zao bila kuombwa.

Ya mwisho ilikuwa ya Mama mwenyewe. Hiyo Bibi alimwambia Mjomba atoke akapumzike, akaifanya kwa mkono wake. Mimi nilikuwa nimelala kwenye mkeka karibu naye, macho nusu. Ustadhi aliposema amina, Bibi hakusubiri. Alizima kwa kidole. Nikadhani amechoka, maana hata mimi nilikuwa nimechoka.

Tulihamia Kibiti mimi nilipofika umri wa shule ya maana. Huko hakuna aliyenijua, na nikashukuru. Siku moja shuleni mwalimu wa kwaya alinishika bega akasema ameambiwa kuna mtoto wa yule mwimbaji wa Salale. Nikamwambia si mimi. Madrasani wenzangu wakiimba kaswida nilitingisha midomo tu. Nimeolewa, nimezaa, na watoto wangu nimewabembeleza kwa kuwapigapiga mgongo, kimya, kwa sababu niliamini kwamba koo letu lilishahukumiwa na watu wote, wa mjini na wa kwetu.

Na kila siku, baada ya alasiri, Bibi alikuwa na kaseti yake. Alijifungia chumbani na redio ndogo, akaiweka sikioni sauti ikiwa chini sana. Mimi niko uani, natwanga au najifanya nasoma. Nilikuwa nikisikia ustadhi kwa mbali, kisha redio inapunguzwa mpaka sisikii kitu, kisha baada ya muda Bibi anasema taratibu, "Imetosha, mwanangu." Hapo najua mawaidha yamekwisha. Naingia, nachukua redio, natoa betri naenda kuzianika. Alikuwa akinikabidhi uso umekunjuka, macho mekundu. Nilimwona mcha Mungu sana, mtu wa kulizwa na mawaidha yale yale kila siku.

Sasa turudi uani, siku ya arobaini, na mkoba mapajani. Bi Mwajuma alikuwa amekuja kutoka Salale na fimbo yake, meno yamebaki ya kuhesabika lakini mdomo uko pale pale. Akaja kukaa karibu nami.

"Shikamoo, Bi Mwajuma."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Umebaki peke yako na Shamte." Akaona kaseti. Akainyooshea mkono kama anayetaka kuigusa, akaurudisha. "Hiyo si ya Zaituni?"

"Ilikuwa. Sasa ni mawaidha."

"Zetu zote ni mawaidha." Akatikisa kichwa. "Siku ile, ile siku ya kurudisha, sitaisahau mpaka naingia kaburini."

Sijui nini kilinitoa maneno. Pengine ni msiba, pengine ni zile karafuu. Nikamwambia kwa ukali ambao haukuwa wa heshima, "Mngesubiri hata mwezi, Bi Mwajuma. Mama hata udongo haujakauka, mnamrudishia kaseti zake. Kama zilikuwa mbaya mngezitupa mtoni, Bibi asione."

Akanigeukia mzima mzima. "Mbaya? Nani kasema mbaya?"

"Redio ilisema mrudishe. Mkarudisha."

Nikaona uso wake unabadilika, unatafuta mtoto yule mdogo nyuma ya mlango.

"Ewe Mola," akasema. "Weye ulikaa na hilo miaka yote hii?" Akanishika kiganja. "Hebu nisikilize. Siku ya kuanua tanga weye na watoto wenzio mlikuwa mmepelekwa kwa jirani. Bibi yako kasimama mbele ya watu, kasema hivi: mwenye sauti ya mwanangu nyumbani kwake, namwomba aniletee. Akasema mtoto wake yuko mbele ya haki, na kila ikipigwa nyimbo yake huku, yeye anaongezewa mzigo kule. Akasema, nataka mwanangu alale. Kuna aliyeweza kumkatalia? Basi tukaleta. Miye nimeisikiliza ile kaseti mara ya mwisho nimejifungia jikoni, nimetia kanga mdomoni. Yule mzee wa Maparoni alisema kwake wamelia nyumba nzima kabla hajapanda mtumbwi. Tulikuwa tunaona haya kumtazama bibi yako, tusije tukalia akasema tunamzidishia msiba. Mbaya! Shambani mpaka leo tukiamia, tunaamia kwa ukelele wa Zaituni. Huo hakuna aliyeweza kutuambia tuurudishe."

Nililia pale uani mbele ya wapishi, kilio ambacho nadhani kilikuwa kinanidai tangu utotoni. Bi Mwajuma aliniacha. Nilikuwa nimewachukia watu waliompenda mama yangu, nikawachukia kwa jambo lile lile walilolifanya kwa mapenzi, na sikuwa na wa kumuuliza kwa sababu nilidhani najua.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa Mjomba Shamte. Siku hizi ni mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, muadhini wa zamu wa msikiti wa mtaani kwao, na muziki hauzungumzi. Lakini ile redio kubwa bado anayo, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nikamwomba tusikilize mawaidha ya Bibi. Akafurahi. Akafuta vumbi, akachomeka waya kwenye umeme, akaitazama kaseti, akapitisha kidole juu ya vitundu. Vipande vya gazeti bado vilikuwa mle, vigumu kama kokwa.

Akaweka upande wa pili, ambao Bibi alikuwa ameuacha umerudishwa mwanzo. Tukamsikiliza ustadhi wa Ikwiriri, Mungu amrehemu naye. Sauti yake ilikuwa imefifia kidogo kwa kusikilizwa kila siku, lakini kila neno lilikuwa mahali pake. Akaomba dua, akasema amina. Mjomba akanyoosha mkono kuzima.

"Acha kidogo, Mjomba."

"Imekwisha, mwanangu. Mbele hakuna kitu. Zote nilizijaza mwenyewe mpaka mwisho."

"Hii hukuijaza wewe."

Mkono wake ukabaki hewani. Mkanda ukaendelea kuzunguka. Kwanza mkwaruzo, mkwaruzo mwingi, kwa sababu sehemu ile ya mkanda ilikuwa imechakaa vibaya, imelika, inapotea na kurudi. Sauti ya ustadhi ilikuwa bado nzima, na hapa palikuwa pamekwisha kwa kurudishwa nyuma na kusikilizwa tena, na kurudishwa tena. Kisha kinanda, chembamba kweli kama cha mtoto. Mjomba akakaa chini. Kisha ukatoka ule ukelele, kutoka chini kabisa, ukapanda, ukapinda. Mbali, nyuma yake, kengele ya baiskeli. Kinanda kikanyamaza. Na mama yangu, akiwa haimbi sasa, kwa sauti yake ya kunisukia nywele, akamuuliza fundi:

"Imetosha?"

Kitufe kikaruka.

Mjomba alikuwa amefunika uso kwa viganja. Mimi nilikuwa nimerudi uani Kibiti, mtoto tena, mchi mkononi, namsikia Bibi chumbani akimjibu mwanawe, nami nainuka kwenda kuchukua redio nikidhani naitwa mimi.

Tulikaa. Nje watu walipita wakasalimia, Mjomba akaitikia bila kuondoa mikono usoni. Mwisho akajifuta kwa kanzu, akanitazama, na niliona anaogopa kunitamkia. Alikuwa amelinda neno la mama yake kwa zaidi ya nusu ya umri wake.

"Nirudishe?" akauliza. "Nirudishe hapo kwenye Zaituni?"

Nilifikiri kuhusu Bibi, aliyetaka mwanawe alale, na ambaye hata siku moja hakumwendea bila kupitia mawaidha yote na dua.

"Rudisha mpaka mwanzo, Mjomba," nikamwambia. "Tuanzie kwa ustadhi."